Samaki wa Pili

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya arusi yangu, na ninaikumbuka kwa sababu ya pua ya samaki. Cheka sasa kama unataka kucheka, umalize, kwa maana huko mbele hutacheka.

Mimi ni Helena, koko, yaani bibi, wa watoto wengi, niliyefundisha kilasi ya tatu hapa Kasongo mpaka macho yakachoka. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kueleza taratibu. Mtoto aliyeshindwa kugawanya nilimketisha karibu yangu, tukagawanya maharage mpaka akaelewa. Lakini leo naandika kwa hasira, na sitaificha. Alhamisi, katika soko letu, Mama Zawadi anayeuza samaki wa mto Luama alimwagiwa beseni lake matopeni, akafukuzwa kwa kelele kama mwizi. Na neno lililomfukuza lilitoka katika telefone ya mjukuu wangu mwenyewe, Fidele, motari wa pikipiki mnayemjua wote: foto ya samaki mwenye taya lililopinda kama ndoana, na sauti ya mtu juu yake ikisema kwamba hivi ndivyo samaki wanavyogeuka, na anayewala atageuka pia.

Nitafika kwa taya hilo. Kwanza nianze na kosa langu mimi, usije ukasema wazee wanajua kukosoa tu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwetu ni kijiji kidogo upande wa Wamaza, kando ya kijito tulichokiita Kasesa, kinachoteremka kuingia mto Luama. Kasesa kilikuwa cha wanawake. Kiangazi, maji yakipungua, mama zetu walikifunga kwa fito na udongo, kisha wakajipanga na mabeseni na vibuyu, wakachota maji yaliyobaki na kuyamwaga nje mpaka samaki wakabaki wanarukaruka katika tope. Zilikuwa siku za nyimbo na utani wa mawifi, na watoto walipakaa udongo mpaka kwenye kope. Aliyetuongoza ni koko Anjela, mama mzazi wa mama yangu. Yeye ndiye aliyesema lini kijito kifungwe na lini kiachwe.

Maana ulikuwapo wakati wa kukiacha. Mvua za kwanza zikianguka na maji yakawa mekundu, samaki hupanda kutoka Luama, wale wa midomo minene wanaolamba mawe, wakaja kutaga mayai huku juu kwenye changarawe. Siku hizo hapakuwa na beseni wala mtego wa mtu yeyote. Wazee walisema "dume amevaa", na dume aliyevaa haguswi.

Mwanamume mmoja tu alikaa kando ya Kasesa, juu kidogo ya kijiji: Papa Kisubi, papa kwetu ni baba. Hakuwa na mke wala mtoto. Alisuka migono, ile mitego ya fito yenye mdomo mpana na koo jembamba, ambayo samaki akiingia hatoki. Lakini mvua za kwanza zikija, aliitundika yote darini, akashinda majini akiondoa magogo na matawi ili njia ya samaki isizibe. Mama zetu ndio waliompa kazi hiyo, na aliifanya tangu kabla mimi sijazaliwa.

Haya yote mimi sikuyajua. Tangu utoto nilikuwa shule ya masista huku Kasongo, na nyumbani nilirudi likizo ya kiangazi tu. Mvua za kwanza zilinikuta darasani kila mwaka. Nilijua kuchota tope, sikujua kuacha.

Mwaka ule, mvua za kwanza zilipoanza tu, surua iliingia kwetu. Mdogo wangu aliugua, mama akaniita nije kumsaidia. Nilipofika, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa amezikwa, na wengine wawili hawafungui macho. Koko Anjela hakuwapo. Alikuwa amekwenda matanga kijiji kingine.

Asubuhi ya pili nikaenda kuchota maji. Pale penye mawe nikamkuta samaki mkubwa amekwama katika maji ya vidole viwili. Nikamshika. Nikamgeuza. Pua yake yote, kuanzia mdomoni mpaka chini ya macho, ilikuwa na vipele vyeupe, vigumu, kana kwamba mtu amembandika punje za mchele moja moja.

Niliacha ndoo pale pale, nikapanda na samaki kijijini mbio.

"Ee, Helena!" akanipokea wifi yangu Marta, niliyemwita yaya, dada mkubwa, naye alikuwa anatwanga. "Tulikutuma maji, unatuletea mboga?"

"Yaya Marta, usiguse! Iko na surua!"

"Samaki? Surua?" Akacheka mpaka akauegemea mchi. "Na mama yake samaki amemupakaa dawa gani?"

"Angalia pua yake, yaya."

Akaangalia. Kicheko kikakatika. Wakaja wengine, wanaume kwa wanawake, na kaka yangu mkubwa akasema neno lililonimaliza: "Helena ndiye amesoma. Atuambie ni nini."

Mwanangu, hakuna utamu kama ule wa watu wazima kunyamaza wakusikilize wewe. Nikawafundisha. Nikawaambia kuna vidudu vidogo ambavyo macho hayaoni, vinakaa katika maji, mtoto anakunywa, anatoka vipele. Nusu ya maneno yale ilikuwa katika kitabu changu. Nusu nyingine niliitengeneza pale pale, nimesimama na samaki mkononi, na sauti yangu haikubadilika nilipotoka nusu moja kuingia nyingine. Ulimi hauna mfupa.

"Sasa," akauliza kaka yangu, "nani ametia ugonjwa ndani ya maji yetu?"

Nami nikajibu kwa swali, kama walimu wangu walivyozoea kufanya. Ninalikumbuka neno kwa neno: "Nani anakaa kule juu ya kijito?"

Sikutaja jina. Miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba mimi niliuliza tu. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na ni kweli, lakini mimi sikuuliza ili nijibiwe. Jibu nilikuwa nalo tayari, nikawaachia wao walitamke.

Wakapanda kwa Papa Kisubi, nami nyuma yao, samaki bado mkononi. Tulimkuta amekaa mlangoni, miguu yake bado na maji, anachonga fito.

"Karibuni," akasema. "Munatafuta nini, wanangu, wote pamoja hivi?"

"Tunatafuta migono yako ile unatega ndani ya maji yetu!" kaka yangu akafoka.

"Hakuna mugono ndani ya maji. Sasa dume amevaa. Angalieni juu."

Tukaangalia juu. Migono ilikuwa darini, mikavu, na buibui amefuma utando kutoka mmoja hadi mwingine. Sote tuliona. Mimi niliona. Mtego wenye utando wa buibui hauwezi kuwa majini, hata mtoto wa kilasi ya kwanza angesema hivyo. Lakini sisi hatukuwa tumepanda mlima ule kuja kuangalia. Waliishusha, wakaikanyaga, wakaiwasha moto, na moto ukashika nyasi za paa.

Papa Kisubi hakupiga kelele. Alichukua kisu chake cha kusukia na mkeka mmoja, akateremka njia ya kwenda Luama. Aliponifikia alimtazama samaki niliyemshika. Kisha akapita.

Koko Anjela alirudi siku mbili baadaye. Alipoambiwa, hakukaa. Hakunywa hata maji. Aliniambia neno moja: "Kuja." Tukateremka mpaka Kasesa, naye akaingia majini na nguo zake zote, mpaka kiunoni, mama mzee yule, akatumbukiza mikono chini ya jiwe na kumtoa samaki. Pua ya samaki ilikuwa na punje nyeupe.

"Huyu iko na nini?"

"Vipele, koko."

"Mufinye tumbo. Polepole! Si unga huo."

Nikafinya. Yakatoka maji meupe kama maziwa. Akamrudisha samaki majini, akatafuta tena, akatoa mwingine. Pua yake ilikuwa laini, inateleza kama sabuni.

"Na huyu?"

"Huyu hana kitu."

"Mufinye."

Yakatoka mayai, madogo, ya njano. Akamrudisha. Akanitolea wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mwenye punje puani alitoa maziwa. Kila mwenye pua laini alitoa mayai.

"Wewe mwenye kusoma," akasema koko Anjela, "niambie. Ni ugonjwa gani huu unashika wanaume peke yao, na wanawake unawapita wazima?"

Nikamrudisha samaki wa tano majini.

"Dume anavaa. Mvua ikifika anavaa hii puani, anasukuma nayo wenzake, anamugusia nayo mwanamuke wake. Mayai yakiisha kulala kwenye mawe, inaanguka yote. Kisubi anajua. Mimi najua. Wewe ulimuona mumoja, ukafunga kitabu." Akapanda ukingoni, maji yanamtiririka. "Mama yangu aliniambia aliyevaa haguswi. Mimi sijavunja neno lake hata siku moja. Leo nimewagusa watano, sababu ya mudomo wako."

Mwanangu, nilipigwa mara nyingi utotoni, na fimbo zote nimezisahau. Maneno hayo sijayasahau.

Akanituma kwa Papa Kisubi, peke yangu. Nilitembea siku nzima, nikavuka Luama kwa mtumbwi, nikamkuta ng'ambo katika kitongoji cha jamaa zake wa mbali, amekaa chini anasuka mgono mpya. Nikapiga magoti. Nikasema yote. Alinisikiliza huku vidole vyake vinakwenda.

"Mutoto wangu," akasema mwishoni, "siku ile uliangalia samaki wangapi?"

"Mmoja, papa."

"Ungeangalia wa pili."

Alisema hivyo tu. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Nikamwomba arudi, nikamwambia koko Anjela na mama zetu watamjengea nyumba. Akatikisa kichwa. "Wale waliwasha moto nawajua majina, wote. Nilikamata wengine mikononi walipozaliwa. Nitalala karibu yao namna gani?" Hakurudi. Alizikwa huko huko ng'ambo.

Na Kasesa? Mwaka uliofuata hapakuwa na mtu wa kuondoa magogo. Mwaka wa tatu vijana walifunga mlango wa kijito wakati wa samaki kupanda, maana aliyekuwa akiwazuia hakuwapo tena, na koko Anjela alikuwa peke yake na uzee. Walibeba samaki kwa magunia, majike waliojaa mayai. Leo ukienda Kasesa mvua za kwanza utaona maji mekundu, na ndani yake hakuna kitu. Surua nayo iliendelea na njia yake mpaka ikachoka, bila kumuuliza Papa Kisubi ruhusa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa turudi kwenye taya.

Jumapili nilimketisha Fidele mbele yangu, nikamwambia anionyeshe ile foto. Akaileta, uso wake chini. Nikaitazama, nikaijua mara moja, maana wanafunzi wangu wa zamani hunitumia vitabu na mimi husoma hata visivyonihusu. Huyo ni samaki wa nchi za baridi, anaitwa samoni. Ana ndugu yake, trauti, anayefanana naye. Samoni huzaliwa mtoni juu kabisa, katika maji membamba yenye changarawe, akateremka mpaka baharini kukua. Akikomaa hurudi mtoni, akapanda maji yanayoteremka, akaruka maporomoko, ili azae. Katika safari hiyo anaacha kula. Na dume, mwanangu, dume peke yake, anabadilika uso: taya la chini linarefuka na kupinda juu kama ndoana, na meno yake yanakuwa makubwa. Kwa taya hilo hupigana na madume wenzake na kulinda nafasi yake karibu na jike anayechimba kiota kwenye changarawe. Samoni wengi wakimaliza kuzaa hufa. Trauti wengi huishi, na ndoana ile hupungua.

Kwa hiyo si sumu iliyompinda taya, wala si laana. Yule ni bwana arusi. Ndiyo mavazi yake, kama zile punje za mchele kwenye pua za samaki wetu.

"Sasa wewe," nikamwambia Fidele, "wenzako walimshika samaki wa Mama Zawadi, wakaona punje puani, wakaweka telefone karibu yake, wakasema nini?"

"Walisema... anaanza kugeuka, koko. Kwamba taya litafuata."

"Na wewe?"

"Mimi sikumwaga beseni! Mimi nilituma foto tu. Nilituma tu, koko."

Nilituma tu. Niliuliza tu. Niliposikia neno hilo kutoka kinywani mwa mtoto wa mtoto wangu, damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote hii, kumbe neno langu lilikuwa bado linatembea, limepata pikipiki.

"Lakini koko," akasema, maana si mjinga huyu, "maji si yanachafuka kweli? Kule Salamabila wanachimba, tope linashuka, na ile dawa ya kukamatia dhahabu..."

Swali zuri, na nikamsifu. Ndiyo, maji yanachafuka, na ninyi vijana mna haki ya kuogopa na kusema kwa sauti. Lakini sumu ya namna hiyo haimwandikii samaki puani. Ingekuwa rahisi hivyo tungeshukuru. Samaki mwenye pua laini anaweza kuwa nayo, na mwenye punje anaweza kuwa mzima kabisa. Hiyo inataka mtu wa kupima, na viongozi wa kusumbuliwa mpaka wamlete mpimaji. Na hapo ndipo hasira yangu inapozidi! Mnaochafuliwa maji ni ninyi, na nguvu zenu zote mmezimalizia kwenye beseni la mama mmoja anayelisha watoto wanne. Aliyechafua maji hakuwa sokoni Alhamisi ile. Aliyekuwapo ni aliye dhaifu kupita wote, mama aliyekuja kutoka mbali, asiye na kaka hapa wa kusimama mbele yake. Papa Kisubi naye hakuwa na mke wala mtoto. Ona, mwanangu, jinsi "ugonjwa" wetu unavyojua kuchagua.

Nikamwambia Fidele anipeleke sokoni kesho yake. Tukanunua samaki wawili kwa mzee mwingine, wale wale wa midomo minene, mmoja mwenye punje puani, mmoja laini. Nikampa kisu pale pale, mbele ya wenzake waliokuja kutania: "Fidele, leo umekuwa mama mpishi?" Akapasua wa kwanza. Maziwa. Akapasua wa pili. Mayai. Akainua kichwa akanitazama, na kwa kweli sikuhitaji kueleza zaidi. Utani ukaisha. Mmoja wao akasema polepole, "Kumbe ni dume tu."

Dume tu. Na nafasi ya Mama Zawadi kati ya wauza mihogo na wauza mawese ilikuwa wazi, jiwe lake la kukalia lipo, yeye hayupo.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiona kitu kibaya usichokijua, usikipe jina kabla hujaangalia wa pili wake. Angalia dume, angalia na jike. Muulize anayekaa kando ya maji, si aliye mbali na maji mwenye sauti kubwa. Ukijua nusu, sema ni nusu. Hiyo si aibu. Mimi mwalimu nakuambia, mtoto anayesema "sijui" ndiye aliyekuwa rahisi kumfundisha. Na ukiwa umekosa tayari, usiseme ulituma tu. Neno baya ulilituma kwa mapenzi yako mwenyewe. Nenda ulirudishe kwa miguu yako, nyumba kwa nyumba, na kwa telefone hiyo hiyo, kwa wale wale.

Mama Zawadi yupo bado. Anakaa kwa dada yake njia ya mtoni, na nimesikia anafunga mizigo ya kuondoka. Kesho alfajiri Fidele atakwenda kwake na wenzake watano, na beseni jipya, na watasema kwa vinywa vyao walichofanya. Mimi nitakuwa sokoni, nimekaa kwenye jiwe lake, asije mtu mwingine akalichukua. Nitakaa mpaka nimwone anakuja.

Mungu akupe, mwanangu, macho yasiyoridhika na kitu kimoja. Akupe ulimi mzito panapo jina la mtu, na miguu myepesi panapo kuomba radhi. Samaki wapande vijito vyako, watoto wako wawakute. Na siku utakayokosa, maana utakosa, akufikishe kwa uliyemkosea kabla hajavuka mto.